Majivu ya Bigirimana

Watu wa Nyantakara wanamkumbuka Bigirimana kwa majembe. Jembe la dukani lilikatika msimu wa pili, la Bigirimana ulimwachia mwanao. Mimi namkumbuka kwa jambo jingine, na ndilo ninaloliandika hapa, maana nimechoka kukaa nalo peke yangu. Sasa yuko Burundi, alikorudishwa pamoja na wakimbizi wengine, kama bado yu hai. Nchi ile aliiacha mwaka 1972, mwaka wa mauaji, akiwa na miaka kumi na moja. Mama yake alimbeba mdogo wake mgongoni, na yeye akabeba nyundo ya marehemu baba yake, mhunzi mwana wa mhunzi.

Mimi ni Muksini, fundi bunduki wa Biharamulo mjini. Babu yangu alitoka pwani na biashara ya ngozi, akaoa hapa, akasahau kurudi. Baba alitengeneza magobore ya wawindaji, nami nikarithi karakana pamoja na kibali cha serikali cha kutengeneza silaha na kujaza upya maganda ya risasi. Kibali kile kilitundikwa ukutani ndani ya kioo, mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi.

Tuliunganishwa na Febronia. Alikuwa binti wa kabila la Wasubi kutoka Nyantakara, wazazi wake marafiki wa baba. Alipofika darasa la tano aliletwa mjini kusoma, akalala kwetu, akala kwetu, mama akamsuka nywele kama binti yake wa kumzaa. Kwao Wakatoliki, kwetu Waislamu, lakini hakuna aliyeliona hilo kuwa tatizo. Aliniita kaka. Bigirimana alipokuja kumposa, mimi nilikaa upande wa mashemeji, nikamtazama kwa jicho kali kama inavyotakiwa, na tangu siku ile tukawa watani.

“Shemeji,” nilikuwa nikimwambia, “hebu sema: lile jembe la Lulu.”

“Rire jembe ra Ruru,” anajibu, wala haoni haya. “Nyie wa mjini mmezimariza L zote. Sisi wa shamba tumebakiziwa R.”

Alikuwa mtu wa kazi na wa maneno machache, mrefu, mwenye mikono iliyojaa makovu ya cheche. Chuma alikijua kwa sauti. Ukimpa panga analigonga kwa ukucha, anasikiliza, kisha anakwambia litavunjikia wapi. Nami, Mungu anisamehe, nilimwona mhunzi wa shamba tu, nikajiona fundi.

Miaka ya tisini, wakimbizi wa Rwanda na Burundi walipofurika, risasi zikaadimika. Silaha zilikuwa zinavuka mpaka ndani ya magunia ya maharage, kwa hiyo serikali ikabana. Hata vijiji vyenye bunduki moja ya kulinda mazao vilikaa miezi vikisubiri risasi. Nguruwe pori hawasubiri kibali. Wanakijiji wakaanza kuniletea maganda waliyokwisha kuyapiga ili niyajaze upya, nami nikayajaza.

Ganda la risasi ni shaba, na shaba ina tabia yake. Kila ikipigwa inatanuka, kila ukiirudisha umbo inabanwa, na kwa kutanuka na kubanwa inakuwa ngumu, kama waya unaoukunja na kuukunjua mpaka unakatika. Mara ya nne au ya tano shingo ya ganda inapasuka. Dawa yake ni moto. Unaipasha shingo kidogo, inalainika, ganda linaishi tena. Ila moto ule usifike kwenye kitako. Kitako ndicho kinachozuia mlipuko usirudi nyuma usoni kwa mpigaji. Kitako kikilainika, umemtengenezea mtu kifo chake.

Baba alinifundisha kazi hiyo kwa vidole. Unashika kitako cha ganda kwa kidole gumba na cha shahada, shingo unaizungusha juu ya taa ya spiriti. Ukisikia vidole vinaungua, unaachia, ganda linaanguka kwenye bakuli la maji. Hakuna saa wala kipimo. Nilifanya hivyo miaka ishirini na mitano na hakuna ganda langu lililomdhuru mtu. Vidole vyangu viwili vikafa ngozi, mke wangu akawa anasema ninamshika kama koleo.

Halafu maganda yakawa mengi, na mimi nikataka mashine.

Kwenye kambi ya wawindaji wa kigeni kulikuwa na kitabu cha picha za mitambo ya kazi hiyo. Nilikisoma mpaka kurasa zikalegea. Kulikuwa na mashine ya umeme inayopasha shingo bila moto wowote, nzuri kama bibi harusi, lakini bei yake ilikuwa ya kununua ng'ombe wa kijiji kizima, na umeme wenyewe tungeutoa wapi? Kulikuwa na nyingine ya kuzungusha ganda moja moja kwa mkono, ambayo niliiona haina tofauti na vidole vyangu. Ya tatu ilikuwa sahani ya bati nene yenye matundu pembeni. Unapanga maganda kwenye matundu, mota ndogo inaizungusha sahani, kila ganda linapita mbele ya ndimi mbili za moto wa gesi, kisha linadondoka chini kwenye ndoo ya maji. Mwindaji mmoja aliyekuwa anafunga kambi alikuwa nayo, mota imeungua. Akaniuzia kwa bei ya baiskeli. Waswahili tunasema rahisi ghali, nami msemo huo niliujua vizuri, ila siku hiyo haukunijia.

Mota imeungua, na gesi Biharamulo haikuwapo. Nikampelekea habari Bigirimana. Alifika Jumamosi, amefunga vyombo vyake nyuma ya baiskeli.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, shemeji. Njoo uone mashine ya Wazungu.”

Aliizunguka mara mbili. Akaigonga sahani kwa ukucha, akasikiliza. “Hii ni nzuri,” akasema. “Imekosa mtu wa kuizungusha tu.”

Tukaifanyia kazi siku nne. Badala ya mota tukatia mkono wa kuzungushia na mnyororo wa baiskeli. Badala ya ndimi mbili za gesi nikafunga tochi moja ya mafuta ya taa, ile ya kulehemea. Moto wa tochi ile ulikuwa mmoja, tena mpana. Nikawaza kwamba moto mmoja unataka muda mrefu kuliko miwili, kwa hiyo nikachagua gia kubwa ya baiskeli, nikaifunga kwenye sahani ili iende polepole. Gia niliichagua mimi, na kuifunga niliifunga mimi. Bigirimana alitengeneza mabano, akanyoosha matundu, akaunganisha mnyororo.

Tulipoijaribu alisimama pembeni, amekunja mikono, anaangalia ule moto.

“Fundi, gurudumu rinakwenda pore sana,” akasema. “Moto unashuka.”

“Unashuka wapi?”

“Kwenye kitako.”

Nikacheka. Nikamwambia, “Shemeji, wewe ni wa majembe. Huku niachie mimi.” Akainama tena kwenye mnyororo wake. Alikuwa mtu wa kumheshimu aliyemzidi umri, na mimi nilikuwa nimemzidi kwa miaka kumi na minne na kwa kiburi.

Jambo jingine alilolisema siku ile ndilo lililokuja kuzungumzwa wilaya nzima. Aliona maganda yanadondoka kwenye ndoo ya maji, akaruka kama ameumwa na siafu. “Fundi, tunataka yawe raini, mbona unayatia majini?” Kwa mhunzi wa chuma hilo ndilo somo la kwanza. Chuma chekundu ukikitia majini kinakuwa kigumu, ukikifukia kwenye majivu kinapoa taratibu na kinalainika. Shaba sivyo. Shaba haijali maji wala majivu. Hilo mimi nililijua. Lakini ilikuwa masika, mvua kutwa, na maganda yaliyolowa yalikuwa hayakauki. Nikaona majivu yataniondolea kazi ya kuanika.

“Sawa,” nikamwambia. “Tia majivu.”

Akaenda mwenyewe jikoni kwa mke wangu akayachota, akayachekecha vizuri, akamwaga maji ya ndoo nje, akajaza majivu. Majirani walikuwa wamejikinga mvua barazani. Wakamwona.

Mwezi wa sita Idefonsi, mlinzi wa mazao wa Nyantakara, alimfyatulia nguruwe pori kwenye mahindi risasi niliyoijaza mimi. Kitako cha ganda kilipasuka ndani ya bunduki, mlipuko ukarudi nyuma. Jicho la kulia liliharibika palepale. Nilikwenda kumwona hospitali, kichwa kizima kimefungwa bandeji. Akanitambua kwa kikohozi. Akasema, “Fundi, nilimpata yule nguruwe?” Nikamwambia alimpata. Haikuwa kweli.

Niliporudi nilikusanya maganda yote yaliyobaki, nikafunga mlango, nikachukua koleo. Nikabana kitako cha ganda lililoanguka kwenye majivu. Kikabonyea kama mshumaa. Likanijia wazo la kutafuta yale ya siku ya kwanza kabisa, tuliyoyajaribu kabla ya majivu, yaliyoanguka kwenye maji. Yalikuwa saba, yamewekwa kwenye kopo. Nikabana la kwanza, likabonyea. La pili, likabonyea. Nikabana yote saba. Majivu hayakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa gia yangu, moto wangu mpana, na mwendo ule wa pole ambao Bigirimana aliuona kwa macho yake ya mhunzi wa shamba. Enzi za vidole ningekuwa nimeshaachia zamani, lakini mashine haina vidole vya kuungua.

Nilikaa chini sakafuni. Niliogopa, nasema wazi. Niliiogopa serikali, na zaidi niliogopa ule ukuta bila kile kioo. Nikayazika yale maganda nyuma ya choo, mashine nikaivunja, nikamwambia kila aliyeuliza kwamba bado nachunguza.

Watu hawakusubiri nichunguze. Wale majirani wa barazani walikuwa wamekwisha kusema walichokiona, na maneno yalipofika sokoni yalikuwa yamenona: Mrundi ametia majivu kwenye risasi. Kwetu huku mtu akisema majivu, hawazi jiko. Anawaza mganga. Wakauliza yale majivu ni ya nini, ya mti gani, ya mfupa gani. Watu waliolima kwa majembe yake miaka kumi na mitano wakaanza kupita mbali na kiwanda chake. Mimi nilisikia yote. Ningeweza kusimama sokoni nikasema, jamani, ni majivu ya jikoni kwangu, ya kuni za mke wangu, na ni mimi niliyesema yatiwe. Dakika moja ingetosha.

Mwezi wa tisa ikatoka amri kwamba Warundi wanaoishi vijijini wapelekwe kambini, hata wale wa zamani. Malori yakaja. Wakati ule ilisemekana kwamba aliyekaa miaka mingi, ameoa hapa, akipata mwenyeji anayeheshimika wa kumsemea, huenda akaachwa. Febronia alikuja nyumbani asubuhi, miguu imejaa vumbi, ametembea tangu alfajiri.

“Kaka, utamsemea?”

“Nitamsemea.”

“Mimi sina mwingine mjini.”

“Febronia, nimekwambia nitamsemea. Kanywe chai kwa wifi yako.”

Akanywa chai. Nilimwona kupitia dirisha, anacheka na mke wangu.

Kwenye ofisi ya wilaya nilikwenda nimevaa kanzu yangu ya Idi. Bigirimana alikuwa amekaa kwenye benchi ndani ya chumba kilekile, amevaa koti la harusi yake, kofia mapajani. Febronia alisimama nje mlangoni. Afisa hakuwa mtu mbaya. Alinipa kiti.

“Mzee, huyu unamfahamu?”

“Namfahamu. Ni shemeji yangu. Yuko hapa miaka ishirini na mitano.”

“Ndiye yule wa majivu?”

Nilitazama meza. Ilikuwa na kitambaa cha kijani, kimechanika pembeni.

“Ndiye.”

“Ni kweli alitia majivu?”

“Ni kweli.”

Ndivyo nilivyosema, na hakuna atakayenishika kwa uongo. Aliyachota yeye na akayatia yeye. Nilitaka kuendelea. Nilifungua mdomo kabisa, niseme hayakuwa na neno, niseme kuhusu gia. Afisa akainua macho akauliza, “Na wewe kibali chako cha ufundi bado ni hai?” Nikasema kiko hai. Mdomo ukajifunga.

Afisa akamgeukia Bigirimana. “Wewe unasemaje?”

Akasimama. “Bwana mkubwa, fundi amesema kweri. Majivu niritia mimi. Yeye arikuwa na maji.” Kisha akanitazama mimi, akatikisa kichwa taratibu kunionyesha nisihangaike, kwamba ameelewa. Alidhani nimebanwa na ukweli. Alikuwa akinionea huruma.

Jina lake likaandikwa. Febronia angeweza kubaki, yeye ni Msubi wa pale. Alipanda lori lilelile na watoto watatu.

Kambini Lukole nilikwenda mwaka uliofuata, baada ya Idi. Nilipanda gari la mahindi mpaka Benaco, nikatembea. Nilibeba sukari, sabuni na kitenge cha Febronia. Nilijiambia ninakwenda kuwasalimu, lakini moyoni nilijua nimekwenda kusema. Kibanda chao kilikuwa cha udongo na turubai, kimefagiliwa. Nilitafuta kwa macho moto wa kufulia chuma, nikaona hakuna. Jirani yao mmoja aligonga makopo ya mafuta akitengeneza koroboi, na Bigirimana alikuwa amekaa kwa mbali, amempa mgongo.

“Mbona hufanyi kazi, shemeji?” nikamuuliza.

“Niriacha.”

“Umeachaje? Huku watu wote wanataka majembe.”

Alinyoosha mikono yake akaiangalia. “Mkono huu umepofusha mtu, fundi. Niriapa siutii tena kwenye moto. Idefonsi anaendereaje?”

Hapo ndipo nilipovunjika. Nikalia, mzee mzima, mbele ya watoto. Nikamwambia yote: yale maganda saba ya maji, koleo, gia. Nikamwambia, “Uliniambia gurudumu linakwenda pole. Ulisema kweli. Majivu hayakufanya lolote.”

 Yule jirani aliendelea kugonga makopo.

“Hayakufanya rorote,” akarudia.

“Hata kidogo.”

“Basi mkono wangu ni mzima.” Aliukunja na kuukunjua. Nakwambia, nilitegemea matusi, nilitegemea hata kofi, na lingekuwa halali yangu. Yeye alikuwa anatabasamu. Kisha tabasamu likaondoka kidogo kidogo, akauliza kwa sauti ya chini, “Urijua rini?”

“Mwezi wa sita.”

Akahesabu kimoyomoyo. Mwezi wa sita, wa saba, wa nane, wa tisa. Febronia, aliyekuwa anapepeta unga, aliweka ungo chini.  Aliingia ndani na hakutoka tena mpaka nilipoondoka, na kitenge kikabaki pale nilipokiweka.

Bigirimana alinisindikiza mpaka barabarani. Nilimwomba radhi mara tatu. Alinisikiliza mara zote tatu.

“Mimi nimekusamehe, shemeji,” akasema. “Rakini kwangu sipo uripokosea. Kaseme kurekure uriposemea ra kwanza. Wakirisikia, rabda watanirudisha nyumbani, Nyantakara.”

“Nitakwenda.”

“Utakwenda kweri?”

“Wallahi nitakwenda.”

Nami nilikwenda. Sikuchelewa hata wiki mbili. Nilivaa kanzu ileile, nikachukua na kibali changu, kwa sababu mwaka wake ulikuwa unaisha na ofisi ni moja. Njia nzima nilikuwa nimeyapanga maneno. Afisa alikuwa yuleyule, akanikumbuka, akanipa kiti, akaniuliza hali ya nyumbani. Nikatoa kwanza kibali. Akakisoma, akafungua sanduku la wino, akagonga muhuri, akakipuliza ili kikauke, akanirudishia kwa mikono miwili kama mtu anayemheshimu mkubwa wake.

“Kuna jingine, mzee?”

Wino ulikuwa bado mbichi. Nilikishika pembeni nisiuharibu, nikasimama.

“Hakuna,” nikasema.